Tozo ya Medicare na NDIS: je, fedha zinaweza kuisha?

SWALI: Shikamoo. Ninafanya kazi Melbourne, Australia, na kipato changu ni dola 70,000 kwa mwaka. Kwenye hesabu ya kodi naona tozo ya Medicare, yaani bima ya afya ya umma, ya asilimia 2, na nimeambiwa sehemu yake inakwenda NDIS, ule mpango wa taifa wa kuwagharamia watu wenye ulemavu. Mwanangu wa miaka sita ana mtindio wa ubongo na yumo humo. Kila bajeti ikisomwa nasikia wanasiasa wanasema NDIS imezidi uwezo wa nchi. Fedha zikiisha, atakatiwa huduma? Na kama tozo haitoshi, kwa nini wasiipandishe tu?

JIBU: Marahaba, mama. Nianze na hofu yako. NDIS haiwezi kuishiwa kwa namna unayoifikiria, kwa sababu huduma za mwanao hazichotwi kwenye akaunti yenye kikomo. Sheria ya 2013 inampa kila aliyetimiza masharti haki ya kugharamiwa huduma anazozihitaji kwa ulemavu wake, ilimradi ni za lazima na gharama yake ni ya haki. Walioingia wakiwa wengi kuliko ilivyotarajiwa, serikali inatafuta fedha za kuongeza. Kile kinachosomwa bungeni ni makadirio tu. Jambo hilo linawanyima usingizi watu wa hazina, lakini ndilo linalomlinda mtoto wako.

Tozo yenyewe ilipanda kutoka asilimia 1.5 hadi 2 tarehe 1 Julai 2014. Iliamuliwa mwaka uliotangulia, Julia Gillard akiwa waziri mkuu, na upinzani wa Tony Abbott ukaunga mkono. Ikiwa dola 70,000 zako zote zinatozwa kodi, unalipa tozo ya dola 1,400, na ile nyongeza ni dola 350 kati ya hizo. Mwaka wa fedha wa 2023–24 NDIS iligharimu takriban dola bilioni 42. Nyongeza ya nusu asilimia, ukikusanya ya nchi nzima, haifikii hata robo ya gharama hiyo. Hata tozo yote ya asilimia 2 isingetosha. Zinazobaki hutoka kwenye kodi za kawaida na michango ya majimbo.

Kuipandisha kulijaribiwa. Mwaka 2017 Scott Morrison, akiwa waziri wa fedha, alitaka ifike asilimia 2.5 kuanzia Julai 2019. Chama cha Labor, kilichokuwa upinzani, kikasema kingekubali ipande kwa wenye kipato cha zaidi ya dola 87,000 pekee. Aprili 2018 Morrison aliliondoa pendekezo hilo, akieleza kuwa mapato ya serikali yameimarika. Tangu hapo ni vigumu kumpata mwanasiasa anayetaka kuligusa tena.

Lakini ugomvi wenyewe, kwa maoni yangu, hauko kwenye tozo. Uko kwenye swali la nani anabeba ongezeko. Chini ya mikataba ya sasa, mchango wa majimbo hupanda kwa asilimia 4 kwa mwaka, basi. Chochote kinachozidi hapo ni cha serikali ya shirikisho. Chukua mfano wa kubuni: gharama ni 100, kila upande unatoa 50, na gharama inakua kwa asilimia 10 kila mwaka. Baada ya miaka mitano jumla ni 161. Majimbo yanatoa 61, shirikisho linatoa 100. Gharama nzima imeongezeka kwa asilimia 61, ila mzigo wa shirikisho umekuwa maradufu. Ukimsikia waziri wa shirikisho kule Canberra analalamika kuliko waziri mkuu wa jimbo, sababu ni hiyo hesabu.

Kuna ubaya mwingine hapo. Jimbo ambalo mchango wake umefungwa halina msukumo wa kuendeleza huduma zake lenyewe kwa watu wenye ulemavu walio nje ya NDIS. Huduma hizo zilipodhoofika, familia zilibaki na mlango mmoja wa kubisha, NDIS. Mwaka 2017 Tume ya Tija (Productivity Commission), chombo cha kuishauri serikali kuhusu uchumi, ilikadiria washiriki wapatao 475,000 mpango utakapokamilika. Leo wamevuka 700,000, na watoto ni wengi mno. Wizi wa baadhi ya watoa huduma upo na unapaswa kukomeshwa, lakini anayekwambia kwamba wizi ndio umeifikisha NDIS hapa anakupotosha.

Inaniuma zaidi kwamba tume hiyohiyo ilipendekeza njia nyingine mwaka 2011: serikali ya shirikisho igharamie yote peke yake, kutoka hazina kuu, kwa kanuni ya hesabu iliyoandikwa kwenye sheria. Haikufuatwa, na familia kama yako zimebaki zikisubiri kila bajeti kwa wasiwasi.

Marekebisho yameanza. Desemba 2023 viongozi wa shirikisho na majimbo walikubaliana kwamba kuanzia Julai 2028 mchango wa majimbo utafuata ukuaji halisi wa gharama, usizidi asilimia 8, na kwamba huduma za msingi nje ya NDIS zitagharamiwa nusu kwa nusu. Agosti 2025 waziri Mark Butler alitangaza Thriving Kids, mpango wa watoto wa miaka minane kushuka chini wenye usonji au ucheleweshaji wa ukuaji usio mkali. Haukulenga watoto wenye ulemavu mkubwa wa kudumu.

Hatari kwa mwanao, basi, inaweza kuja kupitia kubana masharti. Sheria ya 2024 imeweka orodha ya huduma zinazoruhusiwa na zisizoruhusiwa, na sasa fedha za mpango binafsi wa kila mshiriki hutolewa kwa vipindi, mara nyingi vya miezi mitatu. Mpango mpya wa mwanao ukija, usitazame jumla peke yake. Tazama kila kipindi kina kiasi gani, na kama tiba ya viungo ya mwanao inaenea humo. Ukipunguziwa, una miezi mitatu ya kuomba uamuzi upitiwe upya ndani ya wakala unaoendesha NDIS. Wakikataa, una siku 28 za kupeleka shauri kwenye Baraza la Mapitio ya Kiutawala (Administrative Review Tribunal). Ambatisha ripoti ya mtaalamu wa tiba inayoeleza mtoto atapoteza nini huduma hiyo ikipungua.