Dar hadi Nairobi kwa ndege: hesabu muda kuanzia mlangoni kwenu

Dada, umeuliza Dar hadi Nairobi ni kilomita ngapi na ndege inatumia muda gani, maana unampeleka mama kliniki na miadi yake ni saa nane mchana. Pole kwa kuuguza.

Angani ni kama kilomita 670. Ndege ya jeti inatumia kama saa moja na robo, ya panga boi inazidi kidogo. Basi la kupitia Segera, Moshi, Arusha na Namanga ni zaidi ya kilomita 900, siku nzima barabarani. Mgonjwa usimpitishe huko.

Ila usiipangie safari kwa hiyo saa moja na robo. Mimi nilimpeleka baba, goti lilikuwa linamsumbua, miadi saa saba mchana. Tiketi iliandikwa 08:30, yaani saa mbili na nusu asubuhi. (Hili mwambie na mama, saa za tiketi siyo zetu, mtu akiona 04:30 akadhani ni saa nne na nusu, ndege imeshaondoka zamani.) Tulitoka Mbezi saa kumi alfajiri, saa kumi na moja na robo tuko uwanja wa ndege, Kipawa. Kisha tukatangaziwa ndege imechelewa. Baba alikaa kwenye kile kiti cha chuma, mguu kaunyoosha juu ya begi langu, goti linazidi kuvimba, kila dakika ananiuliza, "Bado?" Tuliruka saa nne na nusu. Kutua, kugonga muhuri, kuchukua mizigo, kisha foleni ya Mombasa Road: tulifika mapokezi saa nane kasoro. Daktari alishaondoka. Toka mlangoni kwetu hadi pale ni muda wa karibu saa kumi, kwa safari ya saa moja na robo. Iliniuma sana.

Kwa hiyo nendeni siku moja kabla. Gharama ya chumba cha usiku mmoja ni ndogo kuliko kupoteza miadi. Kama haiwezekani kabisa, chukua ndege ya kwanza ya alfajiri, siyo ya saa tatu wala saa nne. Saa za Nairobi na Dar ni zile zile, hapo hakuna cha kurekebisha.

Kiti cha magurudumu kiombe siku unayokata tiketi, usisubiri kufika kaunta. Na mama aketi dirishani upande wa kushoto. Kama hakuna mawingu, Kilimanjaro inapita karibu sana. Baba alipoiona ile theluji aliacha kabisa kushika goti, akawa ananionyesha kwa kidole.

Mbebee sweta, Nairobi iko juu zaidi ya mita 1,600 na mwezi wa saba baridi yake inauma. Viza haihitajiki kwetu Watanzania, lakini pasi ni lazima. Ziangalie leo hii, yako na ya mama, kama hazijakaribia kuisha.