Nimelipwa kwa picha niliyoibiwa, na njia niliyopita ni hii

Jumanne ya wiki iliyopita, saa nne kasoro asubuhi, simu ililia ujumbe wa benki. Hela imeingia. Kiasi sitakitaja, na aliyelipa sitamtaja, ndivyo tulivyoandikiana. Niliteremsha sufuria jikoni, nikakaa kwenye kigoda, nikausoma ujumbe ule mara tatu. Yalikuwa malipo ya picha niliyoipiga kwenye mwalo wa wavuvi wa Deep Sea, hapa Tanga, mwaka 2016. Kampuni moja iliichukua ikaichapa kwenye kalenda yake bila kuniuliza na bila jina langu.

Tangu niweke habari hiyo kwenye status ya WhatsApp, watu wananiuliza nilipitia wapi. Nikianza tu kueleza, ananikatiza mtu: "Mimi ofisi za serikali siendi, wataniuliza na mengine." Nimelisikia neno hilo kwa mpiga picha wa harusi, kwa kijana anayetengeneza midundo ya singeli, kwa dada anayerekodi mapishi. Wataniuliza na mengine. Ndilo lililonifanya niandike leo, maana nami niliishi nalo miaka mitatu na limenitia hasara.

Nilianza blogu yangu mwaka 2014. Nilikuwa naandika bei za samaki, wazee wa Ngamiani na kumbukumbu zao za reli, ngoma za mitaani, mikate ya ajemi. Matangazo sikuwa nayo. Wasomaji wangu wengi walikuwa watu wa Tanga waliotawanyika, na mmoja wao, mama mtu mzima aliyeko Muscat, alikuwa akiniandikia kila Ijumaa kwamba nimemrudisha kwao. Wewe unayesoma hapa najua una kitu kama hicho kifuani. Una kamera, au sauti, au kalamu, na unataka kazi yako ijulikane kuwa ni yako.

Ile picha niliipiga alfajiri. Mashua inaingia, kijana amebana kamba kwa meno huku mikono yote miwili inakung'uta wavu, na maji yanayomruka yameshika mwanga wa jua la kwanza. Pembeni, chini kushoto, kuna ndoo ya bluu iliyopasuka ukingo. Ikumbuke ndoo hiyo.

Machi 2018 zikatoka Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni. Mwenye blogu alitakiwa kulipa shilingi 100,000 za maombi, milioni moja ya leseni, na milioni nyingine kila mwaka. Asiyetii, faini isiyopungua milioni tano au kifungo kisichopungua miezi kumi na miwili, au vyote pamoja. Watetezi wa haki walikwenda Mahakama Kuu Mtwara, zuio la muda likatolewa Mei, kisha likaondolewa mwezi huohuo. Juni tukaambiwa mwisho wa kuomba ni tarehe 15. Hata JamiiForums, jukwaa la mijadala la mtandaoni lililokuwa kubwa kuliko sisi sote, lilifunga milango kwa muda. Mimi nilifunga yangu usiku wa kuamkia siku ile. Kabla ya kufunga nilinakili kila kitu kwenye diski ya nje, maandishi, picha, hadi maoni ya wasomaji, nikaifunga kwenye kitambaa na kuiweka kabatini kwa mama. Kama kuna ushauri mmoja wa kuchukua hapa, chukua huo. Nakili kazi yako. Nakili leo.

Lakini nisikudanganye kwamba hela ndiyo iliyonivunja. Kanuni zilezile zilitaka mwenye blogu awe na njia ya kujua kila habari imetoka kwa nani, na zilitaka vibanda vya intaneti viweke kamera za kurekodi wateja. Wakati ule sikuwa na kompyuta yangu, picha nilikuwa nazipandishia kibandani. Mwenye kibanda alikuwa amenizoea, ananiwekea mashine ya pembeni karibu na feni. Siku moja akaja akasimama nyuma yangu, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Dada, hizi habari zako hazina shida?" Kisha akatazama dari, pale alipoambiwa aweke kamera. Sikuwa na jibu. Wiki hiyohiyo mzee mmoja mvuvi, aliyekuwa akinieleza habari za uvuvi wa baruti, nani anapiga na samaki wanauzwa wapi, alinipigia simu usiku. "Mwanangu, futa jina langu. Futa na yale tuliyozungumza." Nikafuta. Hakuzungumza nami tena habari za bahari hadi leo. Tukikutana msikitini kwenye maziko ananisalimu vizuri, basi.

Mzee yule hakuwa mkosaji, baruti alikuwa akiichukia. Lakini alishapiga hesabu yake kwamba nchi inayotaka kujua nani kasema nini itaanza na yeye aliyesema, kisha ndiyo imtafute aliyelipua matumbawe.

Halafu likaja zoezi la kusajili upya laini za simu. Mwisho ulikuwa Desemba 31, 2019, ukasogezwa hadi Januari 20, 2020. Kila mtu na kitambulisho chake cha taifa, cha NIDA, na alama za vidole. Mama yangu amepaa samaki na kukuna nazi za biashara zaidi ya miaka thelathini, vidole vyake vimelika, vinang'aa kama kijiwe cha kunolea. Wakala alikaa chini ya mwavuli na kile kimashine chake. Kidole gumba, hapana. Cha shahada, hapana. Alimfuta kwa kitambaa, akampaka mafuta ya kupikia, akamwambia, "Bibi, kandamiza zaidi." Mama akakandamiza mpaka kucha ikawa nyeupe. Saa nzima juani. Kilichokubali mwishowe ni kidole kidogo cha mkono wa kushoto. Njiani mama akaniambia, "Mwanangu, wamechukua hata hiki cha kulia uchungu."

Tuliambiwa vidole vitamaliza matapeli. Mwezi haukuisha mama akapokea ujumbe: "Ile hela itume kwenye namba hii." Unaijua, nawe umeshaipokea. Kila laini ina alama ya kidole cha mtu, na ujumbe ule unaendelea kuja mpaka kesho. Mama alinipa simu nimsomee, kisha akauliza swali ambalo sijaona likijibiwa vizuri: "Sasa huyu yeye waliminya kidole gani?"

Mwaka 2021 nilikwenda kununua dawa ya kikohozi Chumbageni. Ukutani, nyuma ya muuzaji, kulikuwa na kalenda, na kwenye kalenda kulikuwa na kijana wangu na kamba yake menoni. Juu yake nembo ya kampuni. Miguu iliniisha nguvu. Nikamwomba muuzaji anipe kalenda niitazame, nikaona wamekata picha pembeni. Ndoo haipo.

Nilikwenda ofisi moja ya serikali, sitaitaja. Nilivaa vizuri, nikabeba diski yangu na kalenda niliyopewa dukani. Afisa alinisikiliza kwa heshima, akaandika andika. Kisha akaniuliza, "Hiyo picha uliitoa kwanza wapi, dada?" Nikasema kwenye blogu yangu. Akaniuliza, "Blogu yenyewe ilikuwa na leseni?"

Nilijikuta naeleza kwamba nilifunga kabla ya tarehe ya mwisho, kwamba sikuandika tena, kwamba nilikuwa nataka tu. Nikanyamaza. Nikakusanya vitu vyangu. Nilikwenda kushtaki wizi, nikatoka nimejieleza kama mwizi. Nilikaa stendi ya daladala nikaacha gari tatu zipite. Leo hii, hela ikiwa imeshaingia, swali lile bado linanichoma.

Ndugu zangu, nisikilizeni. Swali lile halikuwa na uzito wowote, na mimi sikujua. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 haisemi popote kwamba mpiga picha awe na leseni ya blogu ndipo picha iwe yake. Haki inaanza pale kazi inapotengenezwa. Huhitaji usajili ili uwe mwenye kazi, ingawa usajili unakusaidia kuthibitisha. Picha ilikuwa yangu tangu kidole changu kilipobonyeza. Ningekuwa nimeisoma sheria ile kabla ya kwenda, ningemjibu na ningebaki kwenye kiti. Soma sheria mwenyewe, usisubiri kusimuliwa kijiweni. Niliyoisoma mimi ilikuwa kwa Kiingereza kizito, keti na kamusi na mtu anayejua.

Na wanaotunga kanuni nawaambia jambo moja. Mkiweka masharti mengi kiasi kwamba kila mtu ana kosa dogo mfukoni, mmewafunga midomo watu wenye madai makubwa. Tazameni kijana wa leo. Mtandao wa X ulifungwa Mei 2025, kwa hiyo akawasha VPN, programu ya kupenya kizuizi. Na VPN, tangu tangazo la Oktoba 2023, anayeitumia alitakiwa kujisalimisha na kutoa taarifa zake. Kijana huyo wimbo wake ukiibiwa kesho, atainuka aende kushtaki? Ataona kwanza kosa lake mwenyewe, kisha atakaa kimya. Mwizi wa wimbo anakula kwa raha kwa sababu ya woga ule. Mnataka tuwaamini, na kodi tunalipa, vidole tumetoa. Basi nasi tukija na kilio chetu tupokeeni kama wenye mali.

Kilichonirudisha ni kuona mambo yanaweza kusogea. Mwaka 2022 ada za mtandaoni zilipunguzwa. Ikapitishwa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, ikaanza kutumika Mei 1, 2023. Nikasoma pia ya jirani zetu Kenya, ambako watu walikwenda mahakamani kuhusu Huduma Namba, mpango wa serikali wa kumpa kila mtu namba moja ya utambulisho na kadi yake, na Oktoba 2021 Mahakama Kuu ikasema utoaji wa zile kadi ulikiuka sheria kwa kuwa athari zake kwa taarifa za watu hazikupimwa kwanza. Hawakushinda kwa kulalamika barazani. Walikuwa na karatasi.

Nikamtafuta wakili, binti mdogo kuliko mimi, mkali kuliko wazee niliowahi kuwaona. Swali lake la kwanza lilikuwa, "Una picha ya kabla yake na ya baada yake?" Ninazo. Kwenye diski kulikuwa na picha kumi na moja za alfajiri ile, zimefuatana. Kwenye ya nne ndoo ya bluu imesimama, kwenye ya sita, ambayo ndiyo waliyochukua, imeinama, kwenye ya saba imeanguka. Yeyote anayeshika picha moja iliyokatwa hawezi kuwa na ndoo inayoanguka. Barua ya madai ikaandikwa.

Miezi ya kujibizana sitaieleza, haina ladha. Nitaeleza siku moja tu. Mawakili wao walitupa mpaka Oktoba 31, 2025 kuwasilisha vielelezo. Tarehe 29, siku ya uchaguzi, intaneti ikazimwa nchi nzima. Kuna nyumba zilizofiwa siku zile, na picha yangu si kitu mbele ya msiba wao, naandika hili kwa unyenyekevu. Lakini vielelezo vyangu havikukwama, kwa sababu wiki moja kabla nilishavichapa kwenye karatasi, nikavituma Dar kwa basi, na aliyepokea alitia saini. Tulipokutana mezani baada ya hapo, karatasi ile yenye saini ndiyo iliyotangulia.

Kwa hiyo unayeniuliza nilipitia wapi, nilipitia kwenye karatasi. Piga picha, tunza zote za mfululizo. Nakili. Chapa. Ukienda ofisi yoyote peleka barua, usiende na mdomo mtupu. Chukua nakala yenye muhuri wa mapokezi, andika tarehe na jina la aliyepokea. Ukiulizwa swali la kukutisha, omba uandikiwe. Sema kwa adabu, "Naomba swali hilo kwa maandishi, nami nitajibu kwa maandishi." Nimejaribu mara mbili, na mara zote mbili swali halikuandikwa. Na nakili, nimesema tayari, nasema tena.

Hofu haijaniisha, na sikuambii uwaamini kwa sababu mimi nimelipwa. Aliyenilipa ni kampuni iliyobanwa na wakili. Ofisi ile haijanisaidia kitu.

Ndiyo maana nimeiandikia. Kuna Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016, inayoipa ofisi ya umma siku zisizozidi 30 kumjibu mwananchi aliyeomba taarifa. Nimeuliza jambo moja, kwa mistari minne: ni sheria ipi, kifungu kipi, inayomtaka mwenye picha aoneshe leseni ya blogu kabla malalamiko yake hayajapokelewa. Mama alinisindikiza kuipeleka, akakaa kwenye benchi la mapokezi na mkoba wake mapajani mpaka muhuri ulipogongwa. Leo ni siku ya 19.