Kompresa iliyochoka: urekebishe au ununue nyingine?

Ndugu, umeuliza kama kompresa ya karakana yako, ambayo sasa inachelewa kujaza tangi na kutema oili kwenye mpira wa hewa, inafaa kurekebishwa. Kwa maoni yangu inafaa. Weka kiganja karibu na kichujio cha hewa mashine ikiwa inanguruma: upepo ukikurudia mkononi, vali ya kuvutia hewa imechoka; oili ikizidi kutoka, washukiwa wakuu ni ringi za pistoni (pete za chuma zinazoizunguka pistoni), ambazo utazitafuta Kirinyaga Road, mtaa wa vipuri jijini Nairobi, ukiwa umebeba zile kuukuu, maana vipimo hutofautiana na muuzaji hatakubali kurudishiwa. Tangi ni suala jingine. Ukimwaga maji yaliyotuama chini ya tangi yakatoka na magamba ya kutu, usikubali fundi yeyote achomelee kiraka, kwa sababu chuma kilicholiwa kwa ndani huweza kupasuka kwa shinikizo.