Kabla ya modeli, tafuta nani ana sababu ya kupunguza faida

Wengi mnaoanza shahada ya uzamili au uzamivu katika uhasibu mnatoka kazini. Mmefunga hesabu, mmekaa na wakaguzi, pengine cheti cha uhasibu cha CPA mnacho tayari. Kazini mlizoea kuuliza muamala huu uandikwe vipi ili ukubaliane na viwango. Kwenye utafiti tunauliza mengine: kwa nini kampuni imechagua kuandika hivi, nani anazisoma hesabu zake, na ni uamuzi gani unaobadilika akishazisoma.

Anzeni na makala ya watafiti Ray Ball na Philip Brown, 1968. Wakati huo wanazuoni kadhaa walidai kwamba namba ya faida haina maana, kwa sababu imechanganya thamani za zamani na za sasa na njia tofauti za kukokotoa. Wawili hao walichukua kampuni 261 za Marekani, wakalinganisha faida iliyotangazwa na ile iliyotarajiwa, kisha wakafuatilia bei za hisa. Bei zilikwenda upande uleule wa faida, kwa hiyo namba ilibeba habari. Lakini sehemu kubwa ya habari hiyo, kama asilimia 85 hadi 90, ilikuwa imeshaingia kwenye bei kabla ya kutangazwa. Someni makala yenyewe, msitosheke na muhtasari. Mtaona jinsi ubishi wa miaka unavyogeuzwa kuwa swali linalopimika.

Halafu yupo mtafiti Jennifer Jones, 1991. Modeli yake ya kugundua faida iliyopikwa inatajwa katika mapendekezo mengi ya utafiti ya wanafunzi wetu, na inasikitisha kwamba mara nyingi kinachochukuliwa ni fomula tu. Jones alitazama kampuni za Marekani zilizokuwa zikichunguzwa na serikali ili ionekane kama zinastahili kulindwa dhidi ya bidhaa kutoka nje. Kampuni katika hali hiyo inafaidika ikionekana dhaifu. Alikadiria malimbikizo ya kawaida, yaani pengo kati ya faida na fedha taslimu, kwa kutumia mabadiliko ya mauzo na ukubwa wa mali za kudumu, kisha akaangalia kilichozidi au kupungua. Mwaka wa uchunguzi, faida zilikuwa zimeshushwa. Na sampuli yake? Kampuni 23.

Kwa hiyo msiniambie soko letu ni dogo mno. Kilichompa nguvu ni kujua nani ana sababu ya kupika hesabu, upande gani, na lini. Ukiichukua fomula hiyo na kuimwaga juu ya kampuni zote za Soko la Hisa la Dar es Salaam, unapata matatizo mawili. Kampuni hazifiki 30, na kadhaa ni benki, ambazo malimbikizo yake makubwa ni tengo la mikopo mibaya, yaani kiasi kinachokatwa kwenye faida kufidia mikopo ambayo huenda isilipwe. Mauzo na mitambo haviwezi kukueleza tengo hilo.

Tafuteni tukio la kwetu. Septemba 2016 Kenya iliweka ukomo wa riba za mikopo, ukafutwa Novemba 2019. Katikati yake, Januari 2018, ikaja IFRS 9, kiwango cha kimataifa cha uhasibu kinachozitaka benki zikadirie hasara ya mkopo kabla mkopaji hajashindwa kulipa. Je, benki zilizobanwa riba zilipunguza tengo ili kulinda faida? Ukitazama Kenya peke yake huwezi kutenganisha ukomo na kiwango kipya. Ila Tanzania na Uganda nazo zilipokea IFRS 9 bila ukomo ule, kwa hiyo benki zao zinakupa kitu cha kulinganishia. Benki za Kenya na Tanzania hutangaza hesabu kila robo mwaka, hata zisizo kwenye soko la hisa. Data ipo, ingawa utaichapa kwa mkono usiku kucha.

Kuhusu dodoso nina msimamo mkali. Ukimuuliza mhasibu mkuu, kwa mizani ya moja hadi tano, kama kampuni yake hupika hesabu, utakachopima ni adabu yake. Dodoso linafaa kwa yale ambayo mtu anaweza kuyajibu kwa uhuru. Ukitaka kujua bajeti inavyojadiliwa kwenye SACCOS, au kwa nini kamati ya mikopo inampa huyu na kumnyima yule, nenda ukakae vikaoni kwa miezi. Watafiti wa namna hiyo wana jukwaa lao linaloheshimika, jarida la Accounting, Organizations and Society, lililoanzishwa mwaka 1976. Kazi hiyo ni nzito sawa na ya takwimu, na asikwambie mtu kwamba ni ya wasiojua hesabu.

Mkiandika pendekezo, andikeni ukurasa mmoja kwanza: nani anafanya uamuzi, ananufaikaje, kipi kilibadilika na mwaka gani, na matokeo gani yangeonyesha kuwa mmekosea. Mpelekeeni msimamizi huo kabla ya sura ya mapitio ya maandiko. Na wa Kenya, ombeni mapema kibali cha utafiti cha NACOSTI, tume ya serikali ya sayansi, kwa sababu ofisi nyingi hazitawafungulia faili bila hicho.