Bustani Wakati wa Baridi: Wasomaji Wanauliza

SWALI: Msimu uliopita mimea yangu ya vyungu ilikufa, ilhali ya aina hiyohiyo iliyo ardhini ilipona. Yote niliifunika kwa nailoni. Kosa ni lipi?

JIBU: Ulifunika majani ukaacha mizizi. Mizizi iliyo ardhini imezungukwa na udongo mwingi unaopoa polepole, lakini ya kwenye chungu hupigwa na baridi kila upande. Kwa hiyo cha kuvishwa kwanza ni chungu. Kizungushie gunia tabaka mbili au tatu, ufunge kwa kamba, kisha visogeze vyungu vyote pamoja karibu na ukuta. Viinue juu ya vipande vya matofali ili tundu la chini lisizibe. Maji yakiganda hutanuka kwa takriban asilimia 9, na chungu cha udongo kilicholowa hupasukia hapo.

Nailoni ikigusa majani hunasa unyevu, nao huganda juu yake usiku. Mchana jua likitoka, joto na unyevu vinalea ukungu. Tumia kitambaa chepesi kinachopitisha hewa, na ukiondoe jalidi ikiisha.

Usiache kumwagilia, na hapa ndipo wengi hupotea. Mimea isiyopukutisha majani huendelea kupoteza maji siku za jua na upepo, na udongo ulioganda hauipi hata tone. Mtu husema baridi imeua, kumbe ni kiu. Chomeka kidole sentimita 5. Ukikuta pakavu, mwagilia kiasi asubuhi ya siku isiyo na jalidi.

Matawi yaliyobabuliwa usiyakate sasa, kwani hukinga machipukizi yaliyo chini yake. Majira ya kuchipua yakifika, kwaruza gamba kwa ukucha: ukiona kijani, tawi li hai.

SWALI: Huwawekea ndege makombo ya mkate na mafuta yaliyobaki kikaangoni. Jirani ananikataza. Nani yuko sahihi?

JIBU: Jirani. Mkate hushibisha bila kutia nguvu, na ndege mdogo huchoma sehemu kubwa ya akiba yake ya mafuta kwa usiku mmoja tu wa baridi. Mafuta ya kikaangoni yana chumvi na mabaki ya mchuzi, tena ni laini: hugandamana na manyoya, yakashindwa kuzuia maji na kutunza joto.

Chukua shahamu ngumu ya ng'ombe isiyo na chumvi, sehemu 1 kwa sehemu 2 za mchanganyiko mkavu wa mbegu za alizeti, uwele na karanga zilizopondwa. Yeyusha kwa moto mdogo, changanya, mimina kwenye kikombe kilichotiwa kamba, acha igande, kisha tundika. Karanga ziwe mbichi, bila chumvi wala ukungu, maana zenye ukungu hubeba sumukuvu. Vifuko vya wavu wa nailoni viepuke. Ndege hunasa miguu humo.

Kila wiki osha vyombo kwa maji ya moto na sabuni, vikauke kabisa kabla ya kujaza tena. Ukimwona ndege aliyejivimbisha manyoya, mzito kuruka hata ukimkaribia, acha kulisha kwa wiki mbili angalau, ili wengine watawanyike wasiambukizane. Maji ya kunywa nayo yasikose, kwenye sahani isiyo na kina. Yakiganda, yabadilishe, usitie chumvi, wala dawa ya kuzuia maji ya rejeta yasigande, ambayo ni sumu.

SWALI: Bwawa langu la samaki limeganda juu. Nivunje barafu kwa nyundo?

JIBU: Hapana, kishindo husafiri majini na kuwadhuru samaki. Weka sufuria ya maji ya moto juu ya barafu mpaka itoboke, urudie kila inapoziba. Tundu hilo hutoa gesi za majani yanayooza chini. Theluji iliyolala juu ifagie, mimea ya majini ipate mwanga. Maji yakishuka chini ya nyuzi 5, usiwalishe kabisa: mmeng'enyo wao umekaribia kusimama, na chakula kinachobaki huchafua maji.

SWALI: Mashina makavu ya maua niyakate lini?

JIBU: Majira ya kuchipua, joto la mchana likishazoea kufika nyuzi 10. Wadudu wamelala ndani ya mashina hayo, na ndege wanakula mbegu zake. Bakiza visiki vya sentimita 20 hadi 30. Majani ya mawaridi yenye madoa meusi, hata hivyo, yaokote na kuyatupa sasa, pamoja na matunda yaliyooza mtini.

Rundo la matawi unalotaka kulichoma lihamishie mahali pengine siku ileile ya kuwasha moto, kwa sababu kalunguyeye hupenda kulala chini yake. Ukimkuta amelala, mrudishie majani makavu, umwache. Akiwa ameamka na anahangaika, mpe maji na chakula cha paka cha nyama, maziwa humharisha.