Vumbi la kibete kahawia hugunduliwaje?

Umeuliza, ndugu, vumbi hugunduliwaje kandokando ya kibete kahawia, yaani gimba kubwa kuliko sayari lakini dogo kuliko nyota, ilhali chenyewe ni hafifu mno. Mara nyingi halionekani kwa umbo lake bali kwa joto lake: hupashwa moto na kibete, kisha hutoa mionzi ya infraredi, isiyoonekana kwa macho, hivyo darubini hupima mwanga mwingi kuliko ule ambao kibete kingetoa peke yake. Mfano mzuri ni 2M1207 katika kundinyota la Kantarusi, ambacho tungamo lake ni takriban mara 25 ya lile la Mshtarii, yaani dogo mno kuunguza haidrojeni kama Jua. Katika spektra yake, yaani mwanga wake uliotawanywa kwa rangi, mstari mwekundu wa haidrojeni, kwenye nanomita 656, umetanuka badala ya kuwa mwembamba, kwa kuwa gesi kutoka sahani ya gesi na vumbi inayokizunguka inakiangukia kwa kasi kubwa. Mwaka 2004 darubini ya VLT nchini Chile ilipiga picha ya nukta nyekundu kando yake, yenye tungamo la sayari, na kwa maoni yangu umaarufu wa picha hiyo umeufunika mno mstari ule. Vumbi baridi zaidi huchunguzwa kwa ALMA, seti ya darubini za redio, nayo ipo Chile, inayopokea mawimbi ya milimita.