Jibu: Kwa nini mawakili wa Houston wanakwepa kesi ya mama

Pole sana ndugu, na mama mfikishie salamu zetu. Umeuliza kwa nini mawakili wanaikataa kesi yake ya upasuaji ilhali uzembe uko wazi. Tatizo ni hesabu. Mwaka 2003 Texas, jimbo lenye Houston, ilipitisha sheria kwamba kwenye kesi za uzembe wa kitabibu, fidia ya maumivu, ulemavu na mateso ya moyo isizidi dola 250,000 kwa madaktari wote wakijumlishwa. Hospitali ina kikomo chake, nacho ni 250,000. Viwango hivyo havipandi maisha yakipanda.

Hasara ya fedha, yaani mshahara uliopotea na bili za matibabu, haina kikomo. Sasa mama ameshastaafu. Kwenye makaratasi hasara yake ni ndogo, hata kama leo hawezi kujifunga kanga mwenyewe. Wakili analipwa asilimia mkishinda tu, huku daktari bingwa wa kuandika ripoti ya kueleza uzembe uliotokea anataka chake mapema. Ripoti isipowasilishwa ndani ya siku 120 tangu mdaiwa ajibu madai, kesi hufutwa na mnaweza kubebeshwa gharama za wakili wa mdaiwa. Kijana mwenye mshahara mnono wangemgombania! Kwangu mimi huo ni uonevu kwa wazee na watoto.

Kusanyeni bili za mtu anayemhudumia nyumbani na makadirio ya matibabu yajayo, maana hizo ni hasara za fedha. Na msichelewe, kwa kawaida muda wa kufungua kesi ni miaka 2.

Mchangiaji mwingine aliyesema kwamba kikomo hiki kinahusu hata ajali za magari amechanganya mambo.